Mtoto anatikisa kichwa: lini ni mchezo, lini ni hatari

Kwenye benchi la kliniki ya watoto, swali zito huachwa la mwisho. Mtoto ameshaning'inizwa kwenye mizani, kilo zimeandikwa kwenye kadi, chanjo imechomwa, kilio kimetulia. Mama anakaza kanga, anachukua mkoba, anafika mlangoni, halafu anageuka: "Sista, na huyu mbona anakuwa kama anashtukashtuka?" Sista ana foleni inayofika nje. "Ni kawaida, mama. Atakua tu."

Mara nyingi sista huwa amesema kweli. Shida iko kwenye zile mara chache ambazo jibu hilohilo, kwa sauti hiyohiyo ya upole, humpotezea mtoto wiki ambazo hazirudi.

Swali lenyewe huwa limeshajibiwa nyumbani na watu wengi kabla halijafika kliniki. Bibi kasema ni chango. Jirani kasema ni jicho la mtu. Shemeji kaingia kwenye simu na kutoka na neno kifafa, na tangu usiku ule mama halali. Baba kasema mtoto anacheza, mwacheni. Wote wanne wameutazama mtikisiko mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyeutazama kwa makini ukaanza mpaka ukaisha, kila mmoja ameona alichokuwa nacho moyoni.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba ukubwa wa mtikisiko haulingani na ukubwa wa hatari. Mtoto anayejigonga kichwa kwenye ubao wa kitanda hadi nyumba nzima inasikia huwa, mara nyingi sana, mzima kabisa. Harakati ambayo daktari wa ubongo wa watoto anaiogopa kuliko nyingine zote ni ndogo, haizidi sekunde mbili, na kwa asiyejua inafanana na kuitikia salamu.

Tuanze na wachanga, maana wao ndio wanaoongoza kwa kutisha watu bure. Mlango ukibamizwa, mtoto wa wiki mbili hutawanya mikono, vidole vikafunguka vyote, kisha mikono ikarudi kifuani na kilio kikafuata. Ernst Moro, daktari wa watoto mzaliwa wa Ljubljana aliyekuwa akifundisha Heidelberg, Ujerumani, aliueleza mshtuko huo mwaka 1918 na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Madaktari na wakunga huutafuta kwa makusudi: wanamwinua mtoto kichwa kidogo juu ya kiganja, kisha wanakiachia kishuke kidogo tu. Wakiona mikono yote miwili imeruka sawasawa, wanaridhika. Anayewafanya wasite ni mtoto asiyeshtuka kabisa, au anayerusha mkono mmoja na mwingine ukabaki umelala, kwa sababu huenda mtulinga umevunjika au mishipa ya fahamu ya bega ilivutwa wakati wa kuzaliwa. Mshtuko wenyewe hufifia kati ya mwezi wa nne na wa sita.

Kuna jambo jingine la usiku. Mtoto amelala fofofo, mara mkono unaruka, mguu nao, wakati mwingine mwili mzima, na inaendelea kwa dakika kadhaa. Hapo ndipo nyumba nzima huwashwa taa. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Marekani, Coulter na Allen, walieleza hali hii na kuonyesha kwamba si kifafa. Ni misuli ya mtoto mchanga kurukaruka usingizini, na ina dalili moja isiyodanganya: humjia akiwa amelala tu. Mwamshe. Akifumbua macho, inakoma papo hapo. La kuchekesha ni kwamba dawa ya kwanza ya kila mzazi, kumpakata na kumtikisa taratibu, inaweza kuizidisha, na dawa za kifafa zikitolewa kwa kukosea nazo zimewahi kuizidisha. Kufikia miezi sita, wengi huwa imewaisha.

Kutetemeka kwa kidevu na mikono, hasa mtoto akilia au akivuliwa nguo, nako ni kwa wachanga wengi. Hapa daktari ana kipimo kisichohitaji mashine. Anashika kifundo cha mguu unaotetemeka, anaukunja taratibu kwenye goti na kutulia nao. Mguu ukinyamaza mkononi mwake, si degedege. Ukiendelea kupiga ndani ya kiganja kwa mdundo uleule, tena macho ya mtoto yamegandia upande mmoja au mdomo unatafuna hewa, mambo yamebadilika na mtoto halali nyumbani siku hiyo. Hata hivyo, kutetemeka kunakokoma kwa kushikwa nako kusipuuzwe kwa mtoto aliyezaliwa siku chache zilizopita. Sukari yake inaweza kuwa imeshuka, hasa akiwa njiti, akiwa ni wa mama mwenye kisukari, au akiwa bado hajaweza kunyonya vizuri. Tone la damu kutoka kisiginoni linatosha kujua.

Wapo pia wachanga ambao harakati zao hazina nafasi ya kusubiri hata saa moja. Mtoto mwenye macho na ngozi ya manjano iliyokolea, anayelegea, anayekataa ziwa na kisha kuanza kujipinda mgongo kwa nyuma huku akilia kwa sauti nyembamba, ubongo wake unaingiliwa na sumu ya manjano. Kumweka kwenye jua la asubuhi dirishani hakutamsaidia, anahitaji taa maalumu za hospitali au kubadilishwa damu. Na mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha taya likakaza, mwili ukakakamaa kila anapoguswa, huyo ni wa kuhofiwa pepopunda. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya wachanga kama tatizo la afya ya jamii, lakini kutokomeza huko kunasimama juu ya sindano za akina mama wajawazito na wembe safi wa kitovu. Kimoja kikilegea, ugonjwa unarudi.

Miezi ikisogea, harakati zinabadilika sura. Karibu na mwezi wa sita mtoto anaanza kujiyumbisha mbele na nyuma akiwa ameketi au amepiga magoti; karibu na wa tisa, baadhi wanaanza kujigonga kichwa au kukigeuza huku na huku juu ya mto kabla ya usingizi. Vitabu vya tiba ya usingizi vinataja kwamba watoto 59 kati ya 100 wenye umri wa miezi tisa hufanya angalau mojawapo ya hayo matatu, na kwamba wakifika miaka mitano wanabaki 5 tu. Ni njia yao ya kujibembeleza. Sogeza kitanda mbali na ukuta, kaza skrubu zake, usimpigie kelele, maana ukimpigia kelele atajua kwamba kichwa chake kikigonga ubao mama anakuja mbio. Daktari ataulizwa pale mtoto anapojigonga mchana kutwa badala ya wakati wa kulala, anapojiumiza, au anapokuwa hamtazami mtu usoni na haitikii jina lake. Sikio linalouma nalo humfanya mtoto atikise kichwa na kujivuta sikio, kwa hiyo homa na usaha viangaliwe kwanza.

Shingo ina visa vyake. Mtoto ambaye kichwa chake kimelalia bega moja tangu wiki za mwanzo, na pengine mama akigusa anakuta kifundo kigumu kwenye msuli wa shingo, kwa kawaida msuli huo umefupika. Mazoezi ya kunyoosha yakianza mapema humrudisha sawa, na mtaalamu wa viungo ataonyesha namna ya kuyafanya nyumbani. Mwingine hupinda shingo na kukunja mgongo kila baada ya kunyonya, akicheua na kulia, na mzazi huapa kwamba ni kifafa. Paul Sandifer, daktari wa ubongo wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mjini London, ndiye aliyetambua kwamba kujipinda kwa namna hiyo kunatokana na tumbo: maziwa na asidi vinapanda kooni, na mtoto anajinyoosha kukwepa moto. Mwenzake Marcel Kinsbourne alikichapisha kisa hicho mwaka 1964.

Kuna pia mtoto anayetikisa kichwa huku mboni zikichezacheza haraka na shingo imeinama upande. Wengi wa hawa hupona wenyewe baada ya miaka michache. Lakini kwa kuwa uvimbe kwenye njia ya neva za macho unaweza kuleta sura ileile, huyu anapaswa kuonwa na daktari wa macho na kupigwa picha ya kichwa, asiachwe kwa kuwa fulani naye alikuwa hivyo akapona. Na kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, utosi umejaa na macho yanaelekea chini kama jua linalotua, ni dalili ya maji kujaa kwenye ubongo. Utepe wa kupimia kichwa haugharimu kitu, na kliniki nyingi zinao kwenye droo ya meza. Mzazi ana haki ya kuomba utumike.

Sasa tufike kwa yule anayeinama.

Mwanzoni mwa mwaka 1841, jarida la tiba la The Lancet la London lilichapisha barua ya daktari aitwaye William James West, wa mji wa Tonbridge katika jimbo la Kent. Haikuwa barua ya kitaalamu kwa maana ya kawaida. Alikuwa baba anayeomba msaada. Mwanawe, James Edwin, alikuwa na karibu mwaka mmoja. Alizaliwa mzima na kuendelea vizuri mpaka alipofika miezi minne, ndipo West alipoanza kuona kichwa cha mtoto kikiinama mbele kidogo, mara moja moja. Daktari huyu, mwenye mafunzo yake yote, alidhani ni mchezo tu wa mtoto.

Kuinama kukaongezeka. Kukawa kunakuja kwa mfululizo: kichwa kinashuka hadi karibu na magoti, kinainuka, kinashuka tena, mara kumi, mara ishirini au zaidi kwa mkupuo mmoja wa dakika mbili tatu, na mikupuo yenyewe mara kadhaa kwa siku. Kabla ya kuanza mtoto alikuwa mchangamfu, mara kichwa kinadondoka, magoti yanapanda, kisha anapiga kelele kama mtu aliyeogopeshwa. West alimjaribia kila kilichokuwemo katika tiba ya zama zake: ruba, maji baridi kichwani, dawa za kuharisha, afyuni, hata kumpasua fizi kwa kudhani meno ndiyo yanamsumbua. Msomaji wa Dodoma, Singida au Kampala asimcheke kwa hilo la fizi. Mpaka miaka ya karibuni wapo watoto katika Afrika Mashariki waliokwanguliwa fizi kwa kuambiwa wana "meno ya plastiki", huku homa na kuharisha kwao kukiwa na sababu nyingine kabisa.

Akampeleka London kwa madaktari wakubwa. Mmoja wao, Sir Charles Clarke, alikuwa ameshaona watoto wachache wa aina hiyo, na kwa namna walivyoinama alikuwa akiuita ugonjwa huo degedege la salaam. Jina alikuwa nalo, dawa hakuwa nayo. Kilichomuumiza West zaidi ya mikupuo yenyewe, na hapa barua yake inasomeka kana kwamba imeandikwa juzi, ni kwamba mtoto alikuwa anazimika: hachangamki, hachezi, akili na viungo havisogei mbele. James Edwin hakupata kukua kiakili, akafariki mwaka 1860 akiwa na miaka 20. Ugonjwa unaitwa kwa jina la baba yake.

Madaktari wa leo wanaujua vizuri zaidi. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa, karibu wote kabla ya kutimiza mwaka, wengi kati ya mwezi wa nne na wa saba. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Kwa kiwango hicho tunazungumzia mamia ya watoto mwaka hadi mwaka. Visababishi ni vingi: mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa na ubongo ukakosa hewa, homa ya uti wa mgongo, ubongo ulioumbika tofauti, ugonjwa wa kurithi unaoacha mabaka meupe ya ngozi kama majani. Na wapo ambao hakuna kinachopatikana.

Mzazi anayetaka kuutambua aangalie saa. Mishtuko hii hupenda kuja mtoto anapoamka. Mtoto amefumbua macho alfajiri, hajanyonya bado. Mabega yanapanda, kichwa kinainama, mikono inafunguka au inakunjika, sekunde moja au mbili, kisha mwili unalegea. Sekunde chache zinapita. Inarudi. Inapita. Inarudi tena, na katikati yake mtoto analia. Mmoja anainama mwili mzima, mwingine ni mabega tu, mwingine ni macho tu yanayopanda juu. Kwa sababu magoti yanapanda na kilio kinafuata, karibu kila mtu husema chango, na mtoto hupewa dawa ya tumbo kwa wiki kadhaa. Kinachoutenga na mshtuko wa Moro ni mfululizo: Moro huhitaji kelele au kudondoshwa, na mlango ukibamizwa mara moja mtoto hushtuka mara moja. Kinachoutenga na chango ni kwamba kila mkunjo unafanana na mwenzake, na unakuja kwa vipindi. Na kinachopaswa kukutia hofu zaidi ni mtoto kurudi nyuma, yaani aliyekuwa akicheka na mama hacheki tena, aliyekuwa akifuata uso kwa macho hafuati.

Mwaka 1952 mke na mume Wamarekani, Frederic na Erna Gibbs, walieleza picha ya umeme wa ubongo wa watoto hawa, mawimbi makubwa yaliyovurugika yasiyo na mpangilio hata mtoto anapokuwa ametulia. Kipimo cha EEG ndicho kinachotoa hukumu mpaka leo, na kinatoa hukumu za pande zote mbili. Mwaka 1977 Lombroso na Fejerman walieleza watoto wanaoshtuka kwa mfululizo vilevile lakini EEG yao ni safi, na wakakua bila tatizo. Kwa jicho peke yake, hata jicho la daktari bingwa, wawili hao wanaweza kufanana.

Tiba ilipatikana mwaka 1958, madaktari wa Ubelgiji walipojaribu homoni ya ACTH. Habari nzuri zaidi kwa nchi zetu ilikuja kwenye utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004. Humo watoto 30 walipewa vidonge vya prednisoloni kwa kipimo kikubwa, na kufikia wiki ya pili mishtuko ilikuwa imekoma kwa 21 kati yao. Prednisoloni si dawa ya ajabu. Ni vidonge vya bei nafuu vinavyotumika kila siku kwa pumu na maradhi mengine. Lakini mzazi asivifuate duka la dawa: kwa kipimo hicho hupandisha shinikizo la damu na kumwacha mtoto wazi kwa maambukizi, kifua kikuu kikiwemo, kwa hiyo vinatolewa chini ya macho ya hospitali. Watoto wenye ule ugonjwa wa mabaka meupe hupewa zaidi vigabatrini. Ni dawa zipi zianze kwanza, madaktari wanabishana. Kwamba zianze upesi, hawabishani. Mtoto anayetibiwa ndani ya wiki chache tangu mshtuko wa kwanza ana nafasi nzuri zaidi ya kukua kiakili kuliko aliyesubiri miezi.

Jambo moja lisemwe wazi kwa sababu linasemwa sana vichochoroni: kwamba chanjo ndiyo iliyomharibu mtoto. Ugonjwa huu huanza katika miezi ileile ambayo mtoto anamaliza sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, hivyo lazima wapo watakaouona baada ya sindano. Watafiti wa Uingereza walilichunguza suala hili kwa chanjo ya kifaduro na kuchapisha matokeo mwaka 1983: hawakuona uhusiano wa maana. Mtoto asiyechanjwa ana kifaduro, surua na homa ya uti wa mgongo vinavyomngoja, na hiyo ya mwisho ni miongoni mwa visababishi vya mishtuko yenyewe.

Pwani na bara, mtikisiko wa mtoto umekuwa na maelezo yake tangu zamani. Dege ni ndege anayepita juu ya nyumba usiku, na mtoto aliyepitiwa na kivuli chake hukakamaa na kugeuza macho. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliandika kwa kina jinsi degedege lilivyotibiwa: kufukizwa kwa kinyesi cha tembo, kukojolewa na mama, na imani kwamba sindano ikimkuta mtoto dege likiwa bado mwilini atakufa. Si haki kuwabeza waliofanya hayo. Walikuwa wamewaona watoto wakifa baada ya sindano; hawakujua kwamba waliofikishwa kwa sindano walikuwa wale waliozidiwa na malaria ya kichwani, waliochelewa. Tafiti za Kilifi, Kenya, zimeonyesha jinsi malaria ilivyokuwa sababu kubwa ya degedege kwa watoto waliolazwa pale.

Degedege la homa, kati ya miezi sita na miaka mitano, linatisha kwa kutazama na kwa kawaida huisha lenyewe kabla ya dakika tano. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji baridi, tazama saa. Likizidi dakika tano, au likirudi, ni kukimbia. Likiisha pia ni kwenda, siku hiyohiyo, kwa sababu homa iliyolileta inaweza kuwa malaria au uti wa mgongo.

Wapo wasomaji watakaouliza kuhusu ule ugonjwa wa kusinzia kichwa uliotangazwa sana Uganda. Huo hauwahusu watoto wachanga, na si vibaya kuwatoa wazazi hofu. Ulianza kuandikwa hapa hapa Tanzania, Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway aliyefungua kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Baadaye ulionekana Sudan Kusini, kisha Kitgum na Pader kaskazini mwa Uganda. Unawashika zaidi watoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano, katika maeneo yenye usubi kando ya mito ya kasi, na mara nyingi kichwa huanza kuinama mtoto anapowekewa chakula. Wa miezi mitano anayeinama ana jambo jingine.

Amebaki mtoto mmoja ambaye hakuna anayemleta kliniki kwa hofu, naye ni yule mtulivu. Halii, hasumbui, ukimlaza alivyo ndivyo utakavyomkuta. Wageni wanamsifu. Heinz Prechtl, mtaalamu wa Austria aliyetumia maisha yake kutazama watoto wakijirusharusha, alionyesha kwamba kati ya mwezi wa tatu na wa tano mtoto mzima huwa na harakati ndogondogo zisizokoma, za shingo, kiwiliwili, vifundo vya mikono na miguu, kila upande. Katika utafiti wake uliotoka The Lancet mwaka 1997, watoto 130 walifuatiliwa. Kati ya 70 waliokuwa na harakati hizo kwa ukamilifu, 67 walikua bila kasoro ya ubongo. Kati ya 60 ambao zilikosekana au zilikuwa na kasoro, 57 walipatikana na tatizo, wengi wao mtindio wa ubongo. Kifaa kilichohitajika ni kamera na mtaalamu aliyefunzwa kutazama. Mtoto hulazwa chali akiwa macho, bila kitu cha kuchezea, na kupigwa video ya dakika chache.

Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake alichelewa kulia, au alizaliwa njiti, au aliugua manjano makali, asisubiri mpaka mwaka upite bila kukaa ndipo aulize. Vivyo hivyo anayeambiwa kwa furaha kwamba mtoto wa miezi sita ni mashoto. Kabla ya mwaka mmoja, mtoto hutumia mikono yote miwili. Anayeng'ang'ania mmoja huenda mwingine hautii.

Simu nayo, iliyomnyima mama usingizi kwa neno kifafa, ina kazi nzuri ya kufanya hapa. Mishtuko haiji kwa miadi. Mtoto akifika mbele ya daktari hutulia na kutabasamu, na mama huonekana mwenye wasiwasi wa bure. Rekodi tukio zima. Mvue nguo za juu, washa taa, shika simu ionekane sura na mikono na miguu, usimguse wala kumwita kwa sekunde za mwanzo, kisha mwite jina ili daktari aone kama anageuka. Andika saa, andika kama alikuwa amelala, anaamka, au ametoka kunyonya. Video ya nusu dakika itamweleza daktari mengi kuliko maelezo ya nusu saa.

Ukiona mtoto wa chini ya mwaka mmoja anainama au kujikunja kwa mfululizo anapoamka, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda leo, na usiache swali liwe la mwisho mlangoni. Lianze kabla ya mizani: "Sista, mtoto wangu anashtuka kwa mfululizo, na video hii hapa. Naomba aonwe na daktari wa watoto." Hospitali yenu ikiwa haina EEG, omba barua ya rufaa kwenda yenye nayo, na uliza ni lini.